Kijana Anapoacha Nyama: Mlo wa Familia Chini ya Mlima Meru

Kiswahili kina hila yake katika jambo hili. Ugali unapokaribia kuiva, swali la kawaida ni "Leo mboga ni nini?", na jibu laweza kuwa mchicha, maharage, dagaa au nyama ya ng'ombe. Vyote hivyo ni mboga, maana vyote husindikiza ugali. Kwa hiyo kijana wa Sakina au Usa River anapotangaza kwamba tangu leo atakula "mboga tu", bibi yake haoni ajabu yoyote, hadi aelezwe kwamba nyama haimo tena katika mboga hizo. Hapo ndipo mezani panapozuka mjadala ambao familia nyingi hazikuujiandalia.

Mjadala huo aghalabu huishia katika makosa mawili yanayopingana. Kosa la kwanza ni la mzazi anayelazimisha: anayemwekea kijana mnofu sahanini na kumkataza kuinuka kabla hajaumaliza. Kosa la pili ni la mzazi anayekata tamaa, akamwachia kijana kila kinachobaki baada ya nyama kuondolewa, yaani ugali na mchuzi, au wali na kachumbari. La kwanza huharibu amani ya nyumba. La pili huharibu damu, mifupa na, katika hali chache lakini mbaya, mishipa ya fahamu. Hatari ya kiafya haiko katika nyama iliyoondoka. Iko katika nafasi tupu iliyoachwa sahanini bila kujazwa kitu.

Nyama si chakula tu

Ili kumsaidia kijana, yafaa kwanza kuwaelewa wazee wake. Katika miteremko ya Meru, nyama ni lugha ya undugu. Miongoni mwa Waarusha, kama ilivyo kwa ndugu zao Wamaasai, sehemu za mnyama aliyechinjwa hugawiwa kwa kufuata umri, jinsia na hadhi, na morani huwa na desturi ya kwenda porini kula nyama na kunywa supu ya mizizi ili kujenga nguvu. Mgeni wa heshima huchinjiwa. Mzazi aliyejifungua hupelekewa supu. Katika harusi za Kaskazini, ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa, huletwa mbele ya maharusi, nao hulishana na kuwalisha wazazi wa pande mbili. Jijini Arusha, mwaliko wa kwenda kula nyama Kwa Mrombo ni mwaliko wa urafiki kabla ya kuwa mwaliko wa chakula.

Kwa hali hiyo, kijana anaposema "Sili nyama", mzazi anaweza kusikia neno jingine kabisa: "Mimi si wenu." Ugomvi mwingi wa mezani hutokana na maneno hayo ambayo hayakutamkwa. Pande zote mbili zikilitambua hilo mapema, nusu ya kazi imekwisha.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba mlo usio na nyama si mgeni katika mkoa huu. Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo Chuo Kikuu cha Arusha kilichoko Usa River ni taasisi yake, hufundisha kwa muda mrefu kuwa mlo wa mimea ni bora kwa afya, ingawa halimtengi muumini anayekula nyama halali. Familia nyingi za Kihindu na Kijaini za Afrika Mashariki zimelea vizazi kwa dengu, choroko, mbaazi, chapati na maziwa. Wakatoliki huacha nyama Ijumaa za Kwaresima, na waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga vyakula vya wanyama kila Jumatano na Ijumaa, mbali na mifungo yao mirefu. Zaidi ya hayo, familia nyingi za kawaida, na shule nyingi za bweni, hula ugali na maharage siku nyingi za juma pasipo kujiita kwa jina lolote.

Sababu huulizwa kwanza, hukumu baadaye

Vijana huacha nyama kwa sababu tofauti, na kila sababu huhitaji jibu lake. Wapo wanaofuata imani, hasa baada ya kusoma katika shule ya kidini au kujiunga na kwaya. Wapo waliotazama video za machinjio katika simu. Wapo wanaojali mazingira. Wapo pia ambao chanzo chao kiko nyumbani kwenyewe. Katika makazi ya Wameru, ng'ombe na mbuzi hufugwa zizini, katikati ya migomba, na mtoto ndiye anayebeba majani na kuwalisha. Akiambiwa Desemba kwamba mbuzi aliyempa jina ndiye kitoweo cha Krismasi, kukataa kwake si ukaidi. Na wapo, hasa wasichana, ambao wanataka kupunguza uzito. Kundi hili la mwisho lina uzito wa pekee wa kitabibu na litarejewa baadaye.

Swali zuri la mzazi ni jepesi: "Mwanangu, nini kimekufanya uamue hivyo?" Likiulizwa kwa nia ya kusikiliza, huleta jibu. Likiulizwa kwa kejeli mbele ya shangazi na wajomba, hufunga mlango.

Baada ya sababu, huulizwa mipaka. "Kuacha nyama" kuna maana nyingi. Kuna anayeacha nyama nyekundu peke yake lakini anakula kuku na dagaa. Kuna anayeacha nyama zote na samaki, ila anatumia maziwa na mayai. Na kuna anayeacha kila kitokacho kwa mnyama, yakiwemo maziwa, mayai na asali. Kwa mtaalamu wa lishe, watu hawa watatu wana mahitaji yanayotofautiana sana, na wa tatu ndiye anayehitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Je, ni salama?

Jumuiya ya wataalamu wa lishe ya Marekani, katika msimamo wake wa mwaka 2016, ilieleza kuwa mlo usio na nyama uliopangwa vizuri unafaa kwa umri wote, ujana ukiwemo. Mwaka huohuo, jumuiya ya lishe ya Ujerumani ilikataa kupendekeza mlo usio na kitu chochote cha mnyama kwa watoto na vijana. Mwaka 2024 ikalegeza msimamo huo, isiupendekeze wala kuukataza kwa kundi hilo. Tofauti hii si ya kumchanganya msomaji. Wote wanakubaliana katika mambo mawili: kwamba mlo wenye maziwa na mayai ni rahisi kuukamilisha, na kwamba neno linalobeba uzito wote ni "uliopangwa".

Hofu ya kwanza ya wazazi ni protini, nayo ndiyo hofu yenye msingi mdogo kuliko zote. Msichana wa miaka 16 mwenye kilo 50 huhitaji takriban gramu 43 za protini kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa humpa kama gramu 15. Vikombe viwili vya maziwa humpa kama gramu 16. Yai moja humwongezea gramu 6, na ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga humpa nyingine 16. Jumla ni gramu 53, nyama haijaguswa. Mahindi na maharage pia hukamilishana: kile kinachopungua katika protini ya mahindi hupatikana katika maharage, na kinachopungua katika maharage hupatikana katika mahindi. Waliobuni makande hawakuwa na maabara, lakini walipatia.

Madini chuma: hapa ndipo penye kazi

Suala la damu ni zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kwamba zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana upungufu wa damu. Msichana anayeanza hedhi huku akiendelea kurefuka tayari yuko ukingoni, hata kama anakula nyama.

Viwango vya rejea vinavyotumika Marekani humtaka msichana wa miaka 14 hadi 18 apate miligramu 15 za madini chuma kwa siku, na mvulana wa umri huo miligramu 11. Kwa kuwa chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, wasiokula nyama hushauriwa kulenga takriban mara 1.8 ya viwango hivyo, yaani miligramu 27 kwa msichana. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban miligramu 4. Kwa hiyo kunde za aina moja au nyingine zapaswa kuwepo mezani walau mara mbili kila siku: maharage, mbaazi, choroko, dengu, kunde zenyewe au njegere.

Si kiasi tu kinachohesabiwa. Namna ya kupika na kupanga mlo huamua ni kiasi gani cha chuma kitaingia mwilini. Mambo manne yanatosha kukumbukwa.

Kwanza, tunda chachu au mboga mbichi iwe katika mlo huohuo. Vitamini C ya papai, pera, chungwa, embe, nyanya au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga huongeza sana ufyonzaji wa chuma.

Pili, chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula. Katika eneo linalolima kahawa na kupenda chai ya maziwa, hili ni gumu, lakini chai iliyokolea hufunga chuma tumboni. Saa moja kabla ya mlo au saa moja baada yake inatosha.

Tatu, maharage na mahindi yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Nafaka na kunde zina faitati, kemikali ya asili inayoshika chuma na zinki. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha huipunguza. Uji wa kimea una faida hiyo.

Nne, mchicha usitegemewe peke yake. Una sifa kubwa kuliko uwezo wake, kwani chuma na kalsiamu vilivyomo hufyonzwa kidogo. Uchanganywe na mnafu, loshuu, sukuma wiki, majani ya kunde na majani ya maboga, ambayo hujaa katika soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi. Si bahati tu kwamba utajiri huo uko hapa. Kituo cha Dunia cha Mbogamboga kimekuwa na makao yake ya kanda karibu na Tengeru tangu mwaka 1992, na mboga za asili za Kiafrika ni sehemu kubwa ya kazi yake. Kituo cha utafiti cha Selian, nacho kilichoko Arusha, kimezalisha mbegu za maharage zinazolimwa katika mashamba mengi ya Kaskazini.

Kitu ambacho hakuna shamba linalokitoa

Rutuba yote ya Meru haiwezi kutoa kirutubishi kimoja: vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, na binadamu huipata kwa njia ya nyama, samaki, maziwa na mayai. Mboga za majani, uyoga, uji uliochacha na mwani haviwezi kutegemewa kuileta.

Kijana anayekunywa vikombe viwili vya maziwa, fresh au mgando, na kula yai kila siku anakaribia kutimiza mahitaji yake ya maikrogramu 2.4. Aliyeacha vyote hivyo hana njia nyingine isipokuwa virutubishi nyongeza au vyakula vilivyoongezewa B12. Kanuni za Tanzania zinaagiza unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezewe chuma, zinki, asidi ya foliki na B12, lakini unga unaosagwa katika mashine za mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, na hata wa viwandani hautoshi kuwa tegemeo pekee.

Udanganyifu wa upungufu huu uko katika ukimya wake. Ini huweka akiba ya B12 inayoweza kudumu miaka kadhaa. Kijana aliyeacha vyakula vyote vya wanyama akiwa kidato cha kwanza anaweza kuonekana mwenye afya hadi anapokaribia kumaliza sekondari, ndipo ganzi ya miguu, uchovu, usahaulifu au kuyumba anapotembea vianze kuonekana. Uharibifu wa neva ukichelewa kutibiwa, sehemu yake haiponi. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki vinaweza hata kulifunika tatizo: damu huonekana kupanda ilhali neva zinaendelea kuumia.

Tahadhari nyingine ni ya dukani. Baadhi ya vidonge vya bei nafuu vinavyouzwa kama "vitamini B" vina B1, B2 na B3 tu, havina B12 kabisa. Lebo isomwe, na kipimo kipangwe na mhudumu wa afya. Binti anayebeba mimba au kunyonyesha huku hatumii chakula chochote cha mnyama lazima apewe B12, kwa sababu mtoto mchanga hana akiba yake mwenyewe.

Mifupa, magadi na sumukuvu

Kati ya miaka 9 na 18 mwili huhitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, zaidi ya umri mwingine wowote. Kikombe cha maziwa hutoa kama miligramu 300. Loshoro, ile kande ya mahindi yaliyokobolewa iliyochanganywa na maziwa mgando, ni chakula cha wazee ambacho kijana asiyekula nyama anaweza kujivunia. Uji wa ulezi nao una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine za kawaida. Chumvi iwe yenye madini joto.

Magadi yanahitaji onyo la pekee katika eneo hili. Nyumba nyingi huyatia katika maharage, makande na mboga za majani ili viive upesi. Tafiti zilizofanywa Kaskazini mwa Tanzania tangu miaka ya 1990 zimeonesha kuwa baadhi ya magadi yana floraidi nyingi, katika mkoa ambao maji yake mengi tayari yanazidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yenye madoa ya kahawia yanajulikana sana kuzunguka Mlima Meru, na kituo cha Ngurdoto kilianzishwa mahsusi kutafuta njia za kupunguza floraidi katika maji. Familia inayopika kunde mara mbili kwa siku kwa ajili ya kijana mmoja inaweza, bila kujua, kuongeza floraidi kwa wadogo zake ambao meno yao ya kudumu bado yanaumbika. Isitoshe, magadi huharibu vitamini B1. Kuloweka usiku kucha hufanya kazi ileile ya kulainisha bila madhara hayo.

Karanga na mahindi, ambavyo huongezeka katika mlo wa namna hii, vichambuliwe. Vilivyoota ukungu, vilivyosinyaa au kubadilika rangi vitupwe. Mlipuko wa sumukuvu wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu, na chanzo chake kilikuwa mahindi.

Chungu kimoja, hatua mbili

Swali la mama wa nyumbani ni la haki: "Nipike mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja?" Jibu ni hapana. Mpangilio unaofaa ni kupika chakula cha wote bila nyama hadi kikaribie kuiva, kuchota sehemu ya kijana, kisha kuongeza nyama, au kupika nyama pembeni kama mchuzi wa kujipakulia. Ndizi hupikwa kwa nyanya, karoti na maziwa, nyama ikaja katika bakuli lake. Mtori hupondwa kwa maji ya ndizi zenyewe na siagi kidogo. Supu ya nyama huongezwa katika sehemu ya wengine. Makande hayahitaji kubadilishwa, isipokuwa yale yanayoungwa kwa mifupa.

Siku moja ya kijana huyo yaweza kuwa hivi. Asubuhi ni uji wa ulezi wenye maziwa, yai la kuchemsha na kipande cha papai. Mchana ni makande ya mahindi na maharage, pamoja na parachichi na kachumbari. Jioni ni ugali wa dona, mbaazi za kuunga, mnafu uliokamuliwa ndimu, na chungwa. Katikati ya milo ni karanga chache au kikombe cha maziwa mgando. Hakuna cha kuagizwa kutoka mbali, na sehemu kubwa yaweza kutoka katika bustani iliyoko nyuma ya nyumba.

Uamuzi uwe na wajibu. Kijana aliyechagua njia hii, awe wa kike au wa kiume, alowekeshe maharage yake usiku, achambue mboga, na walau mara moja kwa juma aipikie familia nzima. Mzigo usimwangukie mama au dada wa nyumbani peke yake. Kwa upande wao, wazazi wasimtie mchuzi wa nyama kwa siri "ili apate nguvu". Hila hiyo ikigundulika, kijana huacha kukiamini chungu chote, na asiyekiamini chungu cha nyumbani hula kidogo au hula nje.

Jambo la msingi kuliko mapishi yote ni kula pamoja. Kijana asitengewe meza wala asipelekewe sahani chumbani. Mjadala wa nyama uwe na wakati wake, usiwe kachumbari ya kila mlo. Wadogo zake wasilazimishwe kumfuata, naye asiwahubirie wala kuwatia hatia wanaokula.

Ugenini, harusini na shuleni

Kumkatalia bibi chakula ni jambo zito. Kijana afundishwe kutoa taarifa mapema kupitia kwa mzazi, kupokea sahani kwa heshima, na kutaja kile anachokula badala ya kile anachokikataa: "Bibi, naomba ndizi zako na maziwa mgando, ndivyo nilivyovikosa mjini." Harusini, mzazi anaweza kumwambia mshereheshaji mapema ili kipande cha ndafu kisimfikie mdomoni mbele ya umati. Anayekataa kwa unyenyekevu husamehewa mengi.

Katika shule za bweni tatizo huwa kinyume cha linavyodhaniwa. Nyama ni chache kwa wote. Kinachokosekana ni matunda, maziwa na mboga za majani. Mzazi afuatilie mambo hayo, ampe mtoto karanga safi na nauli ya tunda, na kama hatumii maziwa wala mayai, B12 yake iwe katika sanduku pamoja na maelekezo kwa matroni au patroni.

Kukataa nyama kunapoficha ugonjwa

Kwa vijana wachache, hasa wasichana lakini wavulana pia, kuacha nyama ni pazia. Nyuma yake kuna hofu ya kunenepa ambayo imekuwa ugonjwa. Tofauti huonekana katika mwenendo. Anayeacha nyama kwa imani au huruma huendelea kufurahia chakula kingine. Mgonjwa huendelea kupunguza: baada ya nyama huondoka mafuta, kisha wali, kisha mlo wa jioni. Hula peke yake, hujipima mara kwa mara, huvaa nguo pana, hukimbilia msalani baada ya kula, na hedhi yake hukatika. Kijana aliyepungua uzito bila sababu, aliyekosa hedhi kwa miezi mitatu, anayezimia au kujitapisha apelekwe hospitali bila kusubiri, na familia ijue kwamba huu ni ugonjwa wa akili unaotibika. Hauhitaji viboko wala tambiko.

Kwa mhudumu wa afya

Kijana wa aina hii akifika katika zahanati, kituo cha afya au hospitali, maswali machache hutosha kutenganisha aliye salama na aliye hatarini. Ameacha vyakula gani hasa, na tangu lini? Anatumia maziwa na mayai mara ngapi kwa juma? Ni nini kimechukua nafasi ya nyama? Uzito na urefu wake vikoje vikilinganishwa na vya awali? Hedhi ikoje? Ana ganzi, uchovu au matatizo ya kutembea? Na je, anajisikiaje kuhusu mwili wake? Baadhi ya maswali haya yaulizwe mzazi akiwa nje ya chumba.

Wingi wa damu upimwe. Chini ya gramu 12 kwa desilita kwa msichana asiye mjamzito, na chini ya 13 kwa mvulana aliyefikisha miaka 15, ni upungufu unaohitaji matibabu. Hata hivyo lawama isielekezwe kwa mlo kabla ya kutafuta minyoo ya safura, kichocho, malaria na hedhi nzito. Aliyekaa zaidi ya mwaka bila chakula chochote cha mnyama apewe B12 hata kama vipimo vyake havipatikani, maana haina madhara katika vipimo vya kawaida na gharama ya kuchelewa ni kubwa. Penye dalili za neva, apewe rufaa. Maofisa lishe wa halmashauri wapo kwa ajili ya mipango ya mlo, watumiwe.

Kijana mwenyewe asiondoke kliniki akiwa ameshindwa kesi. Wengi hurudia nyama baada ya mwaka au miwili. Wengine hawarudii kamwe. Katika hali zote mbili, atakachobaki nacho ni namna familia yake ilivyomtendea alipokuwa na maoni yake ya kwanza ya utu uzima, pamoja na mazoea ya kuloweka maharage, kukamua ndimu juu ya mnafu na kusogeza chai mbali na chakula. Mazoea hayo yatawafaa hata ndugu zake wanaoendelea kula nyama, kwa kuwa wengi wao nao wana damu pungufu.